Mzee mwenye presha, kisukari na maumivu ya viungo: kupanga matunzo yake hatua kwa hatua

Ni nadra mzee kuwa na ugonjwa mmoja tu. Presha huja na kisukari, kisukari huchosha figo, magoti yanauma, macho yanafifia, usingizi unakatika. Kila tatizo lina dawa yake na pengine daktari wake, na shida huanzia hapo: dawa inayotuliza goti inapandisha presha, na dawa ya presha inamwangusha mzee akiamka usiku kwenda msalani. Mwongozo huu ni wa anayemtunza mzee nyumbani, au wa mzee anayejisimamia mwenyewe. Lengo lake si mtu ajibadilishie dawa. Ni kukusanya taarifa ambazo daktari hana, na kujua ni wakati gani hupaswi kusubiri.

Hatua ya 1: Weka dawa zote mezani

Zote, kweli zote: vidonge vya kliniki, vya duka la dawa, matone ya macho, sindano, vitamini, mitishamba, hata vidonge alivyopewa na jirani. Chukua daftari, uandike kila dawa kwenye mstari wake: jina lake halisi (lile dogo lililo chini ya jina la kibiashara), miligramu, saa za kumeza, ni ya tatizo gani, nani aliiandika, na ilianza lini. Andika anavyoimeza kweli, hata kama boksi linasema vingine. Muulize kwa upole. Mzee akihisi anahojiwa, atakuambia anameza zote.

Kazi hii hufichua mambo mawili mara kwa mara. La kwanza ni dawa ileile kwa majina mawili ya kibiashara, kwa hiyo dozi imekuwa maradufu. La pili ni dawa ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nini. Ziwekee alama ya kuuliza. Usizikatishe ghafla, hasa atenololi na nyingine za kundi lake (dawa za presha zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo), steroidi kama prednisoloni, dawa za usingizi na za kifafa, kwa sababu mwili uliozizoea hupata matatizo makubwa zinapoachwa mara moja.

Hatua ya 2: Tafuta zinazogombana

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda. Pitia daftari ukitafuta haya:

Dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake. Hupandisha presha, huchubua tumbo hadi kuvuja damu, na huumiza figo. Hatari ni kubwa zaidi zikikutana na dawa ya presha kama enalaprili, lisinoprili au losartani, pamoja na dawa ya kukojoza kama furosemidi. Ya presha hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichujio cha figo, ya kukojoza hupunguza maji mwilini, ya maumivu hubana mshipa unaoingiza damu. Figo inabaki bila msukumo wa kuchuja. Kwa viungo, anza na mafuta au jeli ya kupaka, mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na parasetamoli. Ukomo wa parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mzee mwenye uzito chini ya kilo 50 au mwenye ini bovu anahitaji kiwango cha chini zaidi, mfamasia akipange. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani.

Glibenklamidi. Hushusha sukari kwa saa nyingi, na figo zikidhoofu hukaa mwilini zaidi. Mzee akikosa mlo, sukari inaendelea kushuka hata akiwa usingizini. Ukiiona kwenye daftari, muulize daktari kama kuna iliyo salama zaidi kwa umri wake.

Dawa inayotibu madhara ya dawa nyingine. Amlodipini, dawa ya presha, huvimbisha vifundo vya miguu kwa wengine. Uvimbe huo unatokana na mishipa kulegea, wala si maji kuzidi mwilini, lakini mzee anaandikiwa dawa ya kukojoza, anaanza kuamka usiku, potasiamu inashuka, na gauti (maumivu makali ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu) inaweza kuibuka. Vivyo hivyo enalaprili huleta kikohozi kikavu, kisha mtu ananunua dawa ya kikohozi. Kila dalili mpya inapozuka, swali la kwanza liwe: kuna dawa iliyoanzishwa au kuongezwa hivi karibuni?

Klofeniramini ya mafua na amitriptilini ya sonona au maumivu ya neva. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, choo kigumu na mkojo kuziba.

Chumvi mbadala. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia enalaprili au losartani, potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Ni salama zaidi kupunguza chumvi ya kawaida hadi chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani.

Hatua ya 3: Pima kwa namna inayoaminika

Presha: mzee aende haja ndogo kwanza, asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara kwa dakika 30. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda ukiwa juu ya ngozi. Msiongee. Pima mara 2, dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7 kabla ya kliniki. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba za juu za uongo, na watu huongezewa dawa kwa kosa hilo.

Kisha kipimo ambacho wengi hawakifanyi: alale dakika 5, pima, asimame, pima baada ya dakika 1 na tena baada ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake huporomoka akisimama. Hiyo ni sababu ya kuanguka, na daktari lazima aijue kabla hajaongeza dawa.

Sukari: usikimbizane na namba za kijana. Kwa mzee mwenye magonjwa kadhaa, madaktari wengi huridhika na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c) kilicho chini ya asilimia 8, kwa sababu sukari kushuka humdhuru haraka kuliko kupanda kidogo. Sukari ya kidoleni ikifika chini ya 3.9 kwa mashine za milimoli (au 70 kwa mashine za miligramu), mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vidogo 3 hivi vilivyokorogwa kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia, ikipanda, ale. Kwa wazee dalili huwa ni kuduwaa, ulegevu au ukali usio wa kawaida yake. Anayetumia atenololi huenda asitetemeke wala kusikia moyo kwenda mbio. Jasho ndilo hubaki.

Hatua ya 4: Muulize anataka nini

Kuna anayetaka kutembea bila maumivu, na kuna anayetaka kulala usiku kucha. Liandike jibu juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Dawa zote zisipoweza kubaki, jibu hilo ndilo linaloamua ipi iondoke.

Hatua ya 5: Ratiba moja

Tumia kisanduku chenye vyumba vya siku 7, ukijaze siku moja ileile kila wiki. Omba daktari azibane dawa ziangukie nyakati 2 za siku inapowezekana, na ya kukojoza imezwe asubuhi. Usisage vidonge vya kuachia dawa polepole: nifedipini ya aina hiyo ikisagwa, presha huanguka kwa kishindo.

Hatua ya 6: Andaa mpango wa siku ya kuharisha

Muombe daktari auandike mapema. Akitapika au kuharisha, metformini ya kisukari, enalaprili au losartani, dawa ya kukojoza na diklofenaki huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda, kisha kurejeshwa akishakula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48. Insulini isikatwe yote bila ushauri.

Usisubiri kliniki

Mpeleke hospitali mara moja mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, kifua kikibana, choo kikiwa cheusi kama lami, akigonga kichwa huku anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, au akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, hata bila homa. Asiyeweza kumeza asipewe chochote mdomoni. Beba daftari na maboksi ya dawa, na uandike saa ya mwisho alipoonekana mzima, kwa sababu tiba ya kuyeyusha bonge la damu kwenye kiharusi hutolewa kwa kuhesabu kuanzia saa hiyo.