Lori la jeshi kutoka yadi ya mnada hadi nyumbani, kwa magurudumu yake yenyewe

Lori lililokaa uwanjani miaka mitatu likiwaka kwa mpigo mmoja, watu hupiga makofi. Mimi huwa nanyamaza na kwenda kuinama chini ya magurudumu. Betri nzuri na dizeli kidogo zinatosha kuliwasha. Kusimama kwenye taa nyekundu ni habari nyingine.

Nimekulia kwenye malori. Mjomba alikuwa na Bedford iliyobeba mahindi kati ya Korogwe na Tanga, na kila likizo nilikuwa utingo wake. Sasa naishi Kansas City, Marekani, nafanya ufundi wa injini za dizeli, na mara tatu nimekwenda kuchukua malori ya jeshi yaliyouzwa mnadani nikayaleta nyumbani kwa kuyaendesha. Yote matatu yalikuwa M35A2: magurudumu 10, ekseli tatu zote zenye difu, limekadiriwa kubeba tani 2 na nusu porini na mara mbili ya hapo kwenye lami. Kampuni ya REO ya Lansing, Michigan, ndiyo iliyoanzisha ukoo wa malori haya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na jeshi likaendelea kulitumia kwa miongo. Mfano nitakaoutumia ni safari ya Texarkana, mpakani mwa Texas na Arkansas, hadi Kansas City, kama kilomita 750. Ukinunua Bedford au MAN vipimo vitabadilika, lakini mpangilio wa kazi ni huuhuu.

Hatua ya 1: Makaratasi

Hapa sitakaa sana. Gari la serikali ya Marekani likiuzwa, hati inayokuwezesha kulisajili ni fomu SF-97. Soma tangazo la mnada mpaka mwisho, maana mengine huuzwa bila fomu hiyo, na bila hiyo umenunua chuma chakavu chenye usukani. Tafuta bima kabla hujatoa pesa. Kampuni nyingi zikisikia neno “jeshi” hukata simu, zinazokubali mara nyingi ni zile za magari ya kale. Uliza jimbo lako kuhusu namba za muda na leseni. Uzito wa juu wa lori hili ukiwa halijavuta tela uko chini ya pauni 26,001, ambacho ndicho kiwango leseni ya kibiashara inapoanza kudaiwa, ila kila jimbo lina vijisheria vyake.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Betri mbili mpya za volti 12, kwa kuwa mfumo wa umeme ni volti 24 na betri zinafungwa mfululizo. Za yadini usizitegemee hata ukiapiwa. Mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, yote, mipya. Filta za dizeli, feni belti, oili lita kumi hivi, mafuta ya breki ya kutosha, maji. Jeki ya tani 12 na ubao mnene wa kuiwekea chini, spana ya magurudumu na bomba refu la kuongezea nguvu, kabari mbili, geji ya upepo, kizimamoto, pembetatu za kuakisi. Vizibo vya masikio pia, tena sitanii. Ndani ya kebini hamtasikilizana, na baada ya mwendo wa saa sita utashuka unasikia nyenje.

La mwisho ni mtu wa kukufuata na gari dogo. Mimi nilikwenda na shemeji yangu. Yeye nyuma na taa za tahadhari, mimi mbele, na simu zetu wazi.

Hatua ya 3: Breki kwanza, vingine vyote baadaye

Hapa ndipo pa kutumia asubuhi nzima. Breki za M35A2 ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na mzunguko wa mafuta ni mmoja tu. Bomba moja likipasuka kwenye gurudumu lolote, pedali inashuka mpaka sakafuni na magurudumu yote sita ya breki yanakwenda nayo. Hakuna nusu ya kukusaidia kama kwenye magari ya siku hizi.

Fungua kibao cha sakafuni upande wa dereva. Masta silinda iko chini yake. Angalia rangi ya mafuta. Jeshi lilihamia mafuta ya silikoni, DOT 5, ambayo yakiwa mapya ni ya zambarau. Ukiongeza DOT 3 ya dukani juu yake umechanganya vitu visivyopatana. Kama huna hakika kilichomo, mwaga chote ujaze upya.

Kisha lala chini, na tochi, upite nyuma ya kila gurudumu. Ukikuta unyevu, gusa kwa kidole halafu nusa. Oili ya difu inanuka kama yai viza, na maana yake ni sili ya habu imechoka. Utafika nayo kama inatoka jasho tu. Mafuta ya breki hayana harufu hiyo, ni mepesi na yanateleza. Ukiyakuta ndani ya gurudumu, safari imeahirishwa mpaka silinda hiyo ibadilishwe.

Wakati upo chini, fungua vibomba vya matangi ya upepo umwage maji. Hendibreki ya lori hili inashika shafti ya propela, haishiki magurudumu. Kichwa cha mkono wake kinazungushwa kukaza. Ni ya kuegeshea. Usiitegemee kukusimamisha mlimani.

Hatua ya 4: Matairi, oili na kuwasha

Matairi ni 9.00-20. Tafuta tarehe ubavuni: tarakimu nne ni wiki na mwaka, tarakimu tatu ni tairi la kabla ya mwaka 2000. Meno yanaweza kuwa kama mapya huku ubavu una nyufa za kuingiza ukucha. Tairi la namna hiyo lisikae mbele, wewe ndiye utakayelikalia. Rimu ni zile za ringi ya kufungia, ambazo mafundi pancha wa Segera na Chalinze wanazijua vizuri na kuziogopa. Tairi lililokaa bila upepo kabisa usilijaze ukiwa umesimama mbele yake. Lipeleke kwenye kizimba. Ringi ikiruka inaua mtu.

Na kabla hujaning'inia kwenye spana: nati za magurudumu ya upande wa kushoto zina uzi wa kinyume. Zinafunguka kwa kuzungusha kulia. Wengi wamekata stadi kwa kutokujua hili.

Pima oili ya injini, ya giabox, ya difu zote tatu, na maji ya rejeta. Chota dizeli kidogo chini ya tangi, itazame kwenye chupa. Ikiwa nyeusi au ina maji, mwaga.

Halina ufunguo. Gia iwe nyutro, klachi ndani, washa swichi, kisha kitufe cha stata. Geji ya oili ikikataa kupanda ndani ya sekunde chache, zima. Kuzima ni kwa kuvuta kamba ya dashibodi, kwa hiyo ihakikishe inafanya kazi kabla hujaihitaji. Upepo ukiwa mdogo king'ora kitalia. Geji ya upepo ikikaribia psi 60 kinanyamaza, lakini usiondoke hapo. Subiri ipite 100. Sasa kanyaga breki kwa nguvu zako zote uhesabu mpaka 60. Pedali ikizama polepole huku unakanyaga vilevile, masta silinda inavuja kwa ndani. Nenda mbele na kusimama, rudi nyuma na kusimama, mara kumi, mle mle yadini.

Hatua ya 5: Kilomita 50 za kwanza

Simama baada ya kilomita 8. Halafu 15. Halafu 30, halafu 50. Kila ukisimama, zunguka uguse kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa kiganja. Vyote viwe vuguvugu sawasawa. Kimoja kikikufanya uondoe mkono, kuna jambo, na ukiendelea litakuwa moto wa kweli.

Nieleze lililonikuta lori la pili. Kwenye ukaguzi mipira ya breki ilionekana mizima: haina nyufa, haijavimba, haijalowa. Mipya nilikuwa nayo sandukuni. Nikajiambia nitaibadilisha nyumbani, nina vifaa vyangu na kivuli changu. Tulikwenda vizuri, kituo cha kwanza vyote viko sawa. Cha pili nikashuka, nikasikia harufu ya breki kabla sijafika mbele. Gurudumu la mbele kushoto halishikiki.

Shemeji akaja na chupa ya maji. “Shem, nimwagie?”

“Hapana, hapana! Chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka. Acha kipoe chenyewe.”

Tulikaa kivulini karibu saa nzima. Kisha nikalipiga jeki, nikajaribu kulizungusha, limeganda. Nikalegeza nati ya kutolea upepo nyuma ya ngoma. Mafuta yakaruka mara moja, na gurudumu likaachia. Hapo silinda haikuwa na kosa. Presha ilikuwa imefungiwa: ukikanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu, ukiachia, hayana njia ya kurudi. Mpira umevimba kwa ndani.

Nikafunga mpya pale pale kando ya barabara, shemeji akapanda kebini kunisaidia kutoa upepo. “Kanyaga. Shikilia. Usiachie mpaka niseme!” Mara ya saba ndiyo mafuta yalitoka bila mapovu. Jioni yake nilipasua ule mpira wa zamani kwa kisu kwa urefu. Nje ulikuwa mzima kama wa jana; ndani tundu limebaki la kupitisha njiti ya kiberiti, tena kwa kusukuma. Tangu siku hiyo mipira naibadilisha yadini, hata ikiwa inang'aa.

Hatua ya 6: Mwendo na milima

Injini yake, silinda sita, lita 7.8, mwisho wake ni mizunguko 2,600 kwa dakika, ambayo kwenye gia ya tano ni kama kilomita 90 kwa saa. Mwisho huo si mwendo wa safari. Nenda na 2,100 au 2,200, kilomita 75 hivi, uache watu wakupite. Gia za ndani huwa zimechoka, basi kanyaga klachi mara mbili kila unapobadilisha kama walivyotufundisha wazee. Ekseli ya mbele usiiingize kwenye lami kavu.

Kwa sababu ya mwendo huo nilichagua barabara namba 71 kutoka Texarkana, kupitia De Queen na Mena hadi Fort Smith, badala ya barabara kuu za kasi. Ina vijiji, ina pembeni pa kusimama, na milima ya Ouachita inakufundisha lori lako mapema. Kaskazini ya Fort Smith hapakuwa na ujanja: I-49 inapanda milima ya Boston mpaka kwenye handaki la Bobby Hopper. Nilipanda kwa gia ya tatu, taa za tahadhari zinawaka, shemeji nyuma yangu kama ndama nyuma ya ng'ombe.

Kuteremka ndiko kunakoua injini hizi. Ingia mteremko na gia ileile ambayo ungepandia, na uichague ukiwa bado kileleni. Ukichelewa, lori likishika kasi, utalazimika kuchagua ubaya mmoja kati ya miwili: kuchemsha breki, au kuteremsha gia na kuizungusha injini kupita 2,600. Injini hizi zinajulikana kwa kutoboa bloku na konrodi zikizungushwa kupita kiasi. Jicho moja barabarani, jingine kwenye geji ya mizunguko. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo kisha achia kabisa, usiiegemee.

Likianza kukosa nguvu mlimani lakini tambarare linakwenda vizuri, fikiria filta kabla ya kitu kingine. Uchafu wa tangi lililokaa miaka hutibuka siku ya kwanza linapotikiswa.

Hatua ya 7: Dizeli na giza

Tangi linachukua kama lita 190, na kila kilomita 100 litakunywa kati ya lita 24 na 30. Geji ya dizeli usiiamini. Jaza kila kilomita 300. Injini hii iliundwa iweze kutumia mafuta ya aina nyingi, na utakutana na wanaojivunia kuitilia mafuta yaliyokaangiwa chipsi. Watakusimulia mengi. Wewe safari ya kwanza tia dizeli safi.

Saa moja kabla ya jua kuzama tafuta pa kulala. Swichi ya taa ina vijiti vitatu na nafasi za taa za maficho za vitani. Ukikosea gizani unaweza kuwa unakwenda huku nyuma huonekani kabisa. Sisi tulilala Fort Smith, asubuhi nikarudia hatua ya tatu yote, kulala chini na tochi kukiwemo.

Hatua ya 8: Ukifika

Usizime papo hapo. Liache lingurume polepole dakika tano, turbo ipoe. Gusa vitovu vyote sita kwa mara ya mwisho, andika kipi kilikuwa cha moto kuliko wenzake, maana utakisahau ukishaoga. Zima, weka kabari, kata betri. Kisha ingia chini ufungue vibomba vya matangi ya upepo. Langu lilitoa karibu kikombe kizima cha maji ya kutu, mekundu kama chai ya rangi, ingawa nilikuwa nimelimwaga siku mbili tu kabla. Endelea kulimwaga kila jioni mpaka utoke upepo mtupu.