Kupanga sesheni ya taarab kabla wanamuziki hawajafika

Kijana mmoja anayeanza studio aliniuliza nampangiaje mtu maiki kundi zima la taarab likija kurekodi kwa pamoja. Nilimfungulia jedwali langu tukakaa nalo jioni nzima. Nimeona heri niliandike.

1. Fungua jedwali. Google Sheets inatosha. Programu za kuchora studio kwa vipicha vya viti na stendi zinapendeza mbele ya mteja, lakini hazijawahi kuniambia waya wa udi umechomekwa wapi. Chumba nachora kwa penseli.

2. Orodhesha sauti, si watu. Safu A hadi G: ala, maiki, stendi, 48V (umeme unaohitajiwa na maiki za kondensa), tundu, chaneli, hedifoni. Ganuni 1, udi 1, fidla 3, akodiani 2 (kila mkono na maiki yake), besi 2 (maiki, na DI, yaani kisanduku cha kuchomeka ala moja kwa moja bila maiki), dumbaki 1, rika (tari ndogo) 1, mwimbaji 1, waitikiaji 1. Jumla 13.

3. Tundu si chaneli: tundu ni pale waya unapochomekwa, chaneli ni namba inayoonekana kwenye kompyuta. Hapa nilipoteza saa tatu, wapiga fidla wamekaa wananitazama.

Kadi yangu ya sauti ina matundu 8 ya maiki. Mengine 8 yako kwenye pre ya nje (kikuza sauti ya maiki), inayoingia kwa ADAT, waya mmoja wa kidijitali unaobeba chaneli nyingi. Mimi nikahesabu 9 hadi 16, kama mtu yeyote. Kumbe kwenye kadi ile 9 na 10 ni za S/PDIF (njia nyingine ya kidijitali, ya chaneli mbili), ADAT inaanza 11! Ganuni niliyoitafuta kwenye 9 ilikuwa 11, nami nimeshabadilisha waya, maiki, hata kuzima kompyuta. Ndiyo maana tundu na chaneli zina safu mbili. Soma mwongozo wa kadi yako, kisha nenda Preferences za Reaper (programu ninayorekodia), sehemu ya Audio, uzipe chaneli majina: "pre ya nje 1" na kuendelea.

Nilipomaliza hilo, sauti moja bado haikuwa na pa kuingia. Nilikuwa nimeweka 96 kHz, yaani sauti ipimwe mara 96,000 kwa sekunde. ADAT hubeba chaneli 8 kwenye 48 kHz, lakini kwenye 96 hubeba 4 tu. 8 na 4 ni 12, sisi tuna 13. Rekodi kwa 48 kHz, biti 24. Anayebishana na hilo aje na pre zake.

Na saa, yaani mapigo ya kidijitali yanayovifanya vifaa viende pamoja: kama waya wa ADAT ni mmoja, kutoka pre kwenda kadi, basi kadi ndiyo ifuate saa ya pre. Ukisahau utasikia vitiki vidogo ndani ya rekodi, na ni vigumu kuvisafisha.

48V yangu huwashwa kwa mafungu, 1–4 na 5–8, kwa hiyo kondensa nazikusanya fungu moja. Maiki ya ribon ya zamani (aina isiyotaka 48V) ikae mbali nazo.

Kunasa namba iliyojirudia, tumia conditional formatting (rangi inayojiwasha yenyewe kwa sharti) kwenye safu F: =COUNTIF($F$2:$F$20,$F2)>1. Ikiwaka nyekundu, umekosea.

4. Tengeneza treki 13 Reaper, hifadhi kama template (kiolezo cha kutumia tena).

5. Chapa nakala mbili, moja ya mezani, moja ya chumbani. Bandika tepu yenye namba ncha zote mbili za kila waya. Mwenzako akwaruze kila maiki kwa kucha huku wewe ukitia alama, na mmalize kabla mpiga ganuni hajaanza kutyuni: nyuzi zake zinapita 70, na akishaanza hataki mtu apite karibu.