Kulala Ziwa Ellis, Mlima Kenya, na mdogo wako

Usiku wa kwanza laleni lango la Chogoria, karibu mita 2,950, ndipo kesho yake mpande hadi ziwani, juu ya mita 3,400. Mkiharakisha, kichwa kitauma. Mdogo wako akianza kutapika au kuyumba, shukeni papo hapo, msingoje kuche.

Mwenye kilo 45 asibebe zaidi ya kilo 7. Hema na jiko la gesi beba wewe. Kuni hapana: nyasi kavu za huko zikishika moto hazizimiki kirahisi.

Maji ya ziwa yatokote dakika 3, maana juu huko huchemka kwenye nyuzi 88 hivi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini. Bebeni za chuma. Na godoro la sponji msiliache, baridi ya ardhini hupenya blanketi lolote.