Kuuza picha iliyohaririwa bila kumdanganya mteja

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi faili la RAW, yaani data ghafi ya picha, kama lilivyotoka kwenye kamera, katika diski mbili. Hariri nakala. Faili lenye leya, yaani tabaka za uhariri, nalo litunze, maana miezi sita baadaye hutakumbuka kama mnazi ule wa kushoto ulikuwepo.

Kurekebisha mwanga na rangi, kukata kingo, kunyoosha upeo wa bahari na kufuta alama za vumbi la kwenye sensa ya kamera hakuhitaji tangazo, mradi bahari isigeuke rangi ambayo haijawahi kuwa nayo. Kufuta kilichokuwepo au kuongeza kisichokuwepo lazima kuelezwe, hata kama ni waya wa umeme tu. Picha iliyotengenezwa na akili mnemba iuzwe kwa jina hilo, na isipangwe meza moja na zilizopigwa.

Kinachoumbua wengi pwani hii ya kusini mwa Tanzania ni anga la kubandika. Bahari ya wazi ya Msimbati iko mashariki. Jua huzama upande wa bara. Machweo juu ya upeo wa bahari pale, mvuvi yeyote atayacheka. (Mgeni atayanunua, kisha atakuja kuyatafuta.) Mwezi nao una kanuni zake: ukiwa mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapozama, hivyo hauwezi kuwa utosini jioni hiyo. Hata ukubwa wake hupimika. Kwenye sensa ya mm 36 kwa 24, lenzi ya mm 50 huuchora mwezi kwa kipenyo cha karibu mm 0.5, chini ya sehemu 1 kati ya 70 ya upana wa picha. Ukiona umejaa robo ya fremu juu ya jahazi la Mikindani lililopigwa kwa lenzi hiyo, hizo ni picha mbili. Andika hivyo.

Magofu yanataka ukali zaidi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikaondolewa humo 2014. Kwa hiyo picha ya ukuta wa Husuni Kubwa, gofu la kasri la Kilwa Kisiwani, ni kumbukumbu ya hali ya ukuta wenyewe. Kwa kadi ya posta, mfute mtalii mwenye kofia ukipenda, useme, ufa uache.

Kwa gazeti usifute wala usisogeze kitu. National Geographic walisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la wima la Februari 1982, na mpaka leo wanatajwa kwa hilo.

Maelezo yawe mafupi na yataje kitu chenyewe: “Picha mbili zimeunganishwa. Jahazi: Mikindani, lenzi mm 50. Mwezi: usiku mwingine, lenzi mm 400.” Neno “imeboreshwa” halimwambii mteja lolote. Yaandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino unaokauka haraka, kwani kalamu ya kawaida ikikandamizwa huacha mfinyo upande wa mbele. Yarudie kwenye risiti na ndani ya faili. Ukituma kwa WhatsApp kama picha, faili hubanwa na maelezo ya ndani hupotea. Tuma kama dokumenti, na uyaandike kwenye ujumbe pia.

Wanaopigia wachongaji wa Kimakonde picha za mauzo wasikoleze weusi. Mti wa kahawia ukionekana mpingo kwenye simu, mteja akiupokea ataurudisha, na nauli ya kurudisha atadaiwa mchongaji.