Cheni ya pikipiki ya safari ndefu: kuisafisha, kuikaza na kuipima nyumbani

Zipo pikipiki za safari ndefu, kama BMW R 1250 GS na Honda Gold Wing, ambazo hupeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti iliyofungiwa ndani, na mwenye nayo hana kazi kubwa zaidi ya kubadilisha oili yake kwa wakati. Nyingine nyingi, zikiwemo Honda Africa Twin, Suzuki V-Strom na Royal Enfield Himalayan, hutumia cheni, na cheni hiyo hukaa wazi kwa vumbi, matope, mvua na, kwa sisi tunaoishi Tanga, hewa yenye chumvi ambayo huleta kutu hata pikipiki ikiwa imeegeshwa tu uani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wenye pikipiki za namna hii ya pili.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba cheni hii haifanani na cheni ya kawaida ya bodaboda. Ndani yake, kati ya kila pini na kibomba kinachoizunguka, imetiwa grisi kiwandani, na grisi hiyo huzuiwa isitoke na pete ndogo za mpira zilizobanwa kati ya vibati vya pembeni. Pete zikikatika au zikikauka, grisi hutoka, mchanga huingia mahali pake, na oili utakayomwaga kwa nje haitafika tena panapohitajika. Kwa hiyo mazoea tuliyoyakuta kwenye pikipiki ndogo, yaani kuosha cheni kwa petroli, kuisugua kwa brashi ya waya na kuipaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini, hayafai hapa hata kidogo.

Kuisafisha tumia mafuta ya taa na brashi laini. Mswaki mkuukuu unatosha. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gia huru, zima injini na utoe ufunguo, kisha zungusha gurudumu kwa mkono huku ukisugua pande zote nne za cheni. Kama pikipiki yako haina stendi ya kati, isukume mbele kidogo kidogo, sehemu kwa sehemu. Usiwashe injini kamwe ili gurudumu lijizungushe lenyewe, kwa sababu tambara likinaswa kati ya cheni na sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, huvuta vidole pamoja nalo, na vidole hivyo havirudi. Ukimaliza, futa kwa kitambaa kikavu mpaka weusi uishe.

Mafuta ya kupuliza yaliyotengenezwa mahsusi kwa cheni za pete ni mazuri, lakini si kila duka linayo. Oili ya gia ya namba 80 au 90 inafanya kazi hiyo vizuri na hupatikana karibu kila mahali. Ipake kwa upande wa ndani wa cheni, kwenye mkondo wa chini, yaani sehemu inayopita chini kati ya sproketi ya mbele na ya nyuma, ili mzunguko wenyewe uisukume kwenda nje. Wakati bora ni jioni baada ya safari, cheni ikiwa bado na joto, kisha uiache usiku kucha na asubuhi ufute iliyozidi. Rudia kila kilomita 500 hadi 1,000, na siku hiyo hiyo ikiwa umenyeshewa. Kwenye vumbi jingi, kama lile la majivu ya volkano kati ya Engaruka na Ziwa Natron, punguza oili badala ya kuiongeza, kwa kuwa vumbi likichanganyika na oili nyingi husaga cheni kama msasa.

Sasa tuje kwenye kukaza, ambako ndiko makosa ya gharama kubwa hufanyika. Gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, kwa sababu mkono unaolishika gurudumu haukuungwa katikati ya sproketi ya mbele bali nyuma yake. Ukipakia masanduku na abiria, mkono hupanda, umbali huongezeka, na cheni iliyoonekana imelegea uani hubana. Gereji moja iliwahi kunikazia cheni mpaka ikawa kama uzi wa gitaa, nami nikaondoka na mizigo kuelekea Arusha, zaidi ya kilomita 400. Niliporudi, oili ilikuwa ikivuja nyuma ya sproketi ya mbele, kwa kuwa beringi na sili ya shafti inayotoka kwenye gia zilikuwa zimebebeshwa mvutano ambao hazikuundiwa. Tangu hapo naikaza mwenyewe. Cheni iliyolegea kidogo hupiga kelele na kukuonya, lakini iliyokazwa kupita kiasi huharibu vitu vya ndani kimyakimya.

Kabla ya kupima, soma kitabu cha pikipiki yako kwanza, kwa sababu pikipiki nyingine hupimwa zikiwa kwenye stendi ya pembeni na nyingine kwenye ya kati, na vipimo vyake hutofautiana. Zungusha gurudumu polepole huku ukigusa cheni, utafute mahali inapobana zaidi, maana cheni haichakai sawasawa, kisha upime hapo. Weka rula katikati ya mkondo wa chini, sukuma cheni juu kisha ivute chini kwa kidole, na tofauti ya milimita utakayoiona ndiyo ulegevu wake. Kwa pikipiki nyingi kubwa za barabara mbovu huwa kati ya milimita 30 na 45, lakini kitabu ndicho cha kufuatwa.

Ikihitaji kukazwa, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha boliti mbili za kurekebisha kwa kiasi kile kile kila upande, sehemu moja ya sita ya mzunguko kwa mara moja, ukilinganisha alama za kushoto na kulia ili gurudumu lisikae upande. Kaza nati kwa spana ya kupimia mkazo, halafu pima ulegevu tena, kwa sababu kuikaza nati huweza kuubadilisha. Kanyaga breki ya nyuma mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Uchakavu hupimwa kwa kuivuta cheni kwa vidole nyuma kabisa ya sproketi kubwa: ikiachana na sproketi hata nusu ya jino ionekane, imekwisha. Kwa cheni ya saizi 525, pingili 20 mpya zina urefu wa milimita 317.5, na watengenezaji kadhaa huweka kikomo karibu na milimita 319. Meno yaliyopinda kama ndoano nayo yanatoa jibu hilo hilo. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kwani sproketi kuukuu huimaliza cheni mpya haraka. Mimi huandika kwenye daftari kilomita ilizofikisha pikipiki kila ninapoikaza, na pengo kati ya namba hizo linapoanza kupungua, huagiza seti mpya mapema, kwa kuwa mikoani huchukua wiki kadhaa kufika.