Risiti ya EFD hufutika, ipige picha leo

Wenye maduka wenzangu, fungueni faili la risiti za mwaka juzi muone: nyingi zimebaki karatasi nyeupe. Mashine za EFD, yaani zile za kielektroniki za kutoa risiti za kodi, huchapa kwa joto, si kwa wino, na sheria ya kodi Tanzania inataka kumbukumbu zitunzwe walau miaka 5. Basi kila ukinunua mzigo, piga picha risiti siku hiyohiyo, namba ya uhakiki ionekane vizuri, kisha ihifadhi kwa tarehe na jina la muuzaji. Nakala nyingine itume kwenye barua pepe yako, maana simu huibwa. Mhasibu wangu siku hizi haulizi tena bahasha ya makaratasi, anataka picha hizo tu. Karatasi zenyewe zitunze mbali na jua. Kwenye dashibodi ya gari hazidumu.