Somo: Kuunga Matawi Mawili ya Ukoo Kwenye Mti wa Pamoja Mtandaoni

Somo hili linawalenga wanachama ambao tayari wana tawi lao kwenye tovuti ya nasaba yenye mti mmoja wa wote, kama WikiTree, Geni au FamilySearch, na ambao sasa wanataka tawi hilo liungane na mti mkuu au na tawi la mwanachama mwingine. Halitawafaa sana wanaotunza miti yao kwenye tovuti kama Ancestry, ambako kila mteja hukaa na mti wake na kazi kubwa huwa ni kunakili kutoka kwa mwenzake.

Katika mti wa pamoja kila marehemu anatakiwa awe na wasifu mmoja tu, yaani ukurasa mmoja wa habari zake, hata kama vitukuu wake mia moja wanamtafiti kwa wakati mmoja. Hatua zote zinazofuata zinatokana na kanuni hiyo. Nitatumia mfano mmoja wa mtu mashuhuri ambaye habari zake hazina ubishi: binti wa mfalme Christian IX wa Denmark aliyeitwa Dagmar, ambaye aliolewa Urusi na kuwa mama yake mfalme Nicholas II.

Hatua ya kwanza: orodhesha watu wa pembeni

Wengi wetu tukianza nasaba hupanda juu tu, kutoka kwa baba hadi babu, kutoka kwa babu hadi baba yake, na nyaraka zinapokatika tunadhani tumefika mwisho wa safari. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloyaacha matawi mengi yakielea peke yake kwa miaka. Mara nyingi matawi huungana kwa pembeni, kupitia dada aliyeolewa mbali, shemeji, mke wa pili au mjane aliyeolewa tena.

Mchukue Nicholas II wa Urusi na George V wa Uingereza. Ukipanda kwa upande wa baba zao, mmoja atakupeleka kwenye ukoo wa Romanov na mwingine kwenye ukoo wa Saxe-Coburg na Gotha, na itakubidi upande vizazi vingi ndipo uone wanakokutana. Ukigeukia upande wa mama zao, kazi inakwisha mara moja: Alexandra, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuolewa Uingereza mwaka 1863, alikuwa dada mkubwa wa Dagmar. Kwa hiyo mama yake George ni mama mkubwa wa Nicholas, na miti miwili ya kifalme imeungana bila kupanda hata kizazi cha tatu.

Kabla ya kutafuta chochote, basi, chukua kila kizazi cha tawi lako na uandike ndugu wote wa kila mtu, wake na waume zao, na ikiwezekana wazazi wa hao waliooa au kuolewa. Orodha hiyo ndiyo utakayoitafuta kwenye mti mkuu.

Hatua ya pili: tafuta kwa majina yote na kwa jamaa zake

Usitafute kwa jina moja. Tafuta kwa jina la kuzaliwa, kwa jina la ndoa, na kwa tahajia zote unazozijua, huku ukiweka upana wa miaka badala ya mwaka mmoja. WikiTree hujenga anwani ya wasifu kwa jina la ukoo la kuzaliwa, kwa hiyo mwanamke unayemfahamu kwa jina la mumewe huenda yupo tayari na wewe humwoni.

Dagmar alibatizwa kwa majina ya Marie Sophie Frederikke Dagmar. Alipoolewa mwaka 1866 aliingia Kanisa la Orthodox na kuitwa Maria Feodorovna. Mtafiti aliyeanzia Denmark atamwandika kwa jina la kwanza, na aliyeanzia Urusi atamwandika kwa jina la pili. Ukimkosa kwa jina lake, mtafute kupitia mumewe au mtoto wake, kwa sababu majina ya waume na watoto hayabadiliki mwanamke anapobadilisha jina.

Hatua ya tatu: thibitisha kwamba ni mtu mmoja

Hapa ndipo nawasihi mtumie muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Jina na mwaka wa kuzaliwa havitoshi. Katika koo nyingi watoto wa kaka wawili hupewa jina la babu yao mmoja, wanazaliwa karibu kwa umri na wanakaa sehemu moja, nao kwenye mti huonekana kama mtu mmoja. Linganisha kwa pamoja jina, tarehe, mahali, wazazi, mwenzi wa ndoa na watoto. Kisha, na hili wengi hulisahau, tafuta kwa makusudi jambo litakalovunja dai lako. Je, kuna waraka unaomtaja akiwa hai baada ya tarehe ya kifo iliyo kwenye wasifu wa pili? Je, mama angekuwa na miaka tisa alipozaa mtoto wa kwanza? Je, sensa ya usiku uleule inamwonyesha katika nyumba mbili?

Kwa upande mwingine, si kila tofauti ni pingamizi. Wasifu mmoja unaweza kusema Dagmar alizaliwa tarehe 26 Novemba 1847 na mwingine ukasema tarehe 14 Novemba 1847, na zote mbili zikawa sahihi. Urusi iliendelea na kalenda ya Julius hadi mwaka 1918, na katika karne ya 19 kalenda hiyo ilikuwa nyuma ya ile ya Gregory, tunayoitumia leo, kwa siku 12. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanawe Nicholas, ambaye kuzaliwa kwake huandikwa tarehe 6 au 18 Mei 1868. Uingereza na makoloni yake zilibadilisha kalenda mwaka 1752, na kabla ya hapo mwaka wa kisheria nchini Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ndiyo maana George Washington, aliyezaliwa katika koloni la Uingereza, ana tarehe ya kuzaliwa ya zamani ya 11 Februari 1731 na tarehe mpya ya 22 Februari 1732. Ukiona tofauti ya siku 10, 11, 12 au 13 kamili, au mwaka unaopishana kwa mmoja katika miezi ya Januari hadi Machi, chunguza kalenda kwanza kabla ya kusema hawa ni watu wawili.

Waraka wenye nguvu kuliko yote ni ule unaosimama pande zote mbili, yaani unaomtaja mtu kwa familia alikozaliwa na kwa familia alikoolewa kwa wakati mmoja. Mara nyingi huo ni daftari la ndoa lenye majina ya wazazi, cheti cha kifo, au wosia ambamo baba anamtaja binti yake kwa jina la mumewe. Ukiupata, uandike kwenye wasifu kama chanzo kabla hujagusa kitu kingine. Miti mitano ya mtandaoni inayosema jambo moja isikushawishi. Fungua vyanzo vyake, na mara nyingi utakuta minne imenakili mmoja, na ule mmoja hauna chanzo.

Hatua ya nne: chagua njia ya kuunga

Zipo njia mbili na hazifanani. Ikiwa hakuna aliyerudiwa, kwa mfano tawi lako lina mume na tawi lingine lina mke, unaongeza uhusiano wa ndoa au wa mzazi na mtoto kati ya wasifu zilizopo, na kazi imekwisha. Ikiwa mtu yuleyule ana wasifu mbili, inabidi wasifu hizo ziunganishwe ziwe mmoja.

Kabla ya kuunganisha, sahihisha tarehe na majina katika wasifu zote mbili ili zikubaliane, na uhamishe vyanzo. WikiTree kwa kawaida hubakiza wasifu wenye namba ya zamani, na anwani ya ule mwingine humpeleka msomaji kwenye uliobaki. Halafu jiandae kwa kazi inayofuata, kwa sababu kuunganisha mtu mmoja huzaa kazi ya kuwaunganisha waliomzunguka. Ukishaunganisha wasifu wa Dagmar na ule wa Maria Feodorovna, huenda ukakuta ana baba wawili wanaoitwa Christian IX na mama wawili wanaoitwa Louise. Ukiwaunganisha wazazi, unakuta Alexandra yupo mara mbili, na kaka yake aliyekuwa mfalme George I wa Ugiriki vilevile. Anza na mhusika, nenda kwa wazazi, kisha ndugu, kisha mwenzi na watoto, na usiondoke kwenye kompyuta ukiwa umeliacha tawi katikati, kwa sababu atakayefuata ataona mtu mwenye wazazi wanne na kuanza kukata alichodhani ni kosa.

Hatua ya tano: mwandikie msimamizi wa tawi la pili

Hata pale mfumo unapokuruhusu kuunganisha bila idhini, andika. Ujumbe uwe mfupi na uwe na ushahidi ndani yake, kwa mfano: “Ndugu, habari za kazi. Naamini mwanamke uliyemwandika kama mke wa fulani ndiye binti wa fulani niliyemwandika mimi. Daftari la ndoa la mwaka fulani linamtaja baba yake, na nimeliambatisha kwenye wasifu. Tarehe zetu zinatofautiana kwa siku 12 kwa sababu ya kalenda. Naomba uangalie, na ukiona pingamizi lolote unieleze kabla sijaendelea.” Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa. Ule unaosema tu “tuunganishe, ni mtu mmoja” hupuuzwa, na mimi siwalaumu wanaoupuuza.

Hatua ya sita: kagua

Tumia zana ya kutafuta njia kati ya watu wawili, ambayo WikiTree inayo, uhakikishe kwamba njia inapita ulipotarajia. Soma maelezo ya wasifu uliobaki, maana maandishi mawili hubandikwa pamoja na huhitaji kuandikwa upya.

Jambo la ziada: faili la GEDCOM, muundo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, linafaa sana kuhamisha data kati ya programu, lakini kupakia faili zima kwenye mti wa pamoja ili “liungane lenyewe” huzaa wasifu rudufu kwa mamia. Ingiza watu wachache wachache.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Msimamizi wa tawi la pili hajajibu kwa muda mrefu. Nifanyeje?

Jibu: Karibu sana. Kila tovuti ina utaratibu wake kwa msimamizi asiyejibu. WikiTree ina taratibu za kuendelea bila yeye, na Geni ina watu maalumu wa kusimamia mti mkuu ambao unaweza kuwaomba msaada. FamilySearch haina umiliki wa wasifu za marehemu, kwa hiyo hapo unaandika sababu yako na kuendelea.

Swali: Vipimo vya DNA vinaonyesha mimi na msimamizi wa tawi la pili ni ndugu. Je, hilo halitoshi kuunga?

Jibu: Linatosha kukwambia utafute, ila halikuonyeshi mahali pa kuunga. Watoto wa ndugu wawili hushiriki wastani wa asilimia 12.5 ya DNA, lakini asilimia 25 inaweza kuwa ya babu na mjukuu, ya mjomba na mpwa, au ya ndugu waliochangia mzazi mmoja. Kipimo kinakupa umbali wa undugu. Jina la babu mnayechangia litatoka kwenye nyaraka.

Swali: Niliwaunganisha baba na mwana wenye jina moja nikidhani ni mtu mmoja. Naweza kurudi nyuma?

Jibu: Kwenye FamilySearch fungua historia ya mabadiliko ya wasifu na urejeshe. Kwenye tovuti ambako kurejesha ni kugumu, soma historia, umtengenezee mwana wasifu mpya, umrudishie mke na watoto wake, kisha andika wazi kwenye wasifu zote mbili kwamba hawa ni watu wawili tofauti. Mifumo mingi ina sehemu ya kutia alama kwamba wasifu mbili si za mtu mmoja. Itumie, vinginevyo mwingine atawaunganisha tena.

Swali: Mtu anayeunga matawi yetu ni shangazi yangu, naye yuko hai. Sitaki jina lake lionekane.

Jibu: Hilo ni sahihi kabisa. FamilySearch huwaweka walio hai katika eneo la faragha, na WikiTree hulazimisha faragha kwa walio hai, hivyo uhusiano unaweza kuwapo bila habari zake kusomwa na kila mtu. Hata hivyo mwombe ridhaa kwanza. Akikataa, tafuta njia nyingine kupitia babu na bibi waliokwisha kufariki.

Swali: Babu yangu alilelewa na baba wa kambo na akatumia jina lake. Nimuunge na nani?

Jibu: Na wote wawili, kila mmoja kwa aina yake ya uhusiano. FamilySearch hukuruhusu kuandika kama mzazi ni wa damu, wa kambo, wa kuasili au mlezi, na Geni nayo inakubali wazazi wa kuasili na wa kulea. WikiTree ina nafasi moja ya baba, na unaweza kuonyesha kwamba si wa damu. Huko ningemweka baba mzazi iwapo anajulikana kwa ushahidi, na kumtaja mlezi ndani ya maelezo kwa kiungo cha wasifu wake.